Muda Unaookolewa Malindi Unaenda kwa Nani?

Tangu serikali izindue Mkakati wa Kitaifa wa Akili Mnemba (AI, yaani programu za kompyuta kama zile zinazoandika, kutafsiri na kujibu maswali) wa 2025–2030, mwezi Machi 2025, mazungumzo ya hapa Malindi yamegawanyika. Wako wanaosema neema imefika: kijana wa mtaa wa Barani mwenye simu na bando atafanya kazi ya watu wanne. Wako wanaosema kazi zimekwisha, tujiandae kukaa vibarazani. Halafu liko kundi la tatu, kubwa kuliko hayo mawili, linaloona mambo haya ni ya Nairobi na Ulaya. Sisi ni watu wa hoteli, samaki na chumvi, mashine ya kuandika maneno itatufanya nini? Naona wote wamekosea mahali pamoja. Mashine hii imeshafika hapa, haikuja na kishindo cha kufuta watu kazi, na madhara yake hayatapimwa kwa idadi ya waliofutwa. Inachofanya ni kushusha bei ya zile kazi za mwanzo ambazo kijana huzitumia kujifunzia kazi nyingine, na kuokoa muda ambao faida yake inamwendea mmoja huku hatari ya makosa ikimwangukia mwingine. Kwamba itatufaa au itatuumiza kutategemea nani anaumiliki muda huo, na jambo hilo huamuliwa zaidi kwenye mikataba, mahakamani na katika vyama vya wafanyakazi kuliko kwenye maabara.

Nianze na hii dhana kwamba tuko mbali. Kwa miaka mingi sasa serikali, kupitia mpango wa Ajira Digital, imewahimiza vijana watafute kazi mtandaoni: kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika, kutafsiri, kuandika makala za matangazo, kuingiza data kwenye majedwali. Ushauri ule ulikuwa na maana kwa wakati wake. Kijana wa mtaa wa Kisumu Ndogo hapa Malindi asiye na mjomba hotelini aliweza kupata dola zake chache bila kumbembeleza mtu. Kisha tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ikaitoa ChatGPT, programu inayoandika na kujibu maswali, na haikuchukua muda kuonekana kwamba orodha ya kazi tulizowafundisha vijana wetu ndiyo hasa orodha ya kazi ambazo mashine hii inazifanya kwa senti. Kuna pia ile biashara ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, ambayo iliwalisha Wakenya wengi wenye digrii na wasio na ajira, ingawa ni wachache walioitaja kwa sauti mbele ya wazazi wao. Uingereza ilitunga sheria ya kuipiga marufuku mwaka 2022. Kilichoibana zaidi lakini ni mwanafunzi kugundua kwamba hana haja tena ya kumlipa Mkenya. Sitailia kazi ile, ilikuwa udanganyifu. Ila waliokuwa wakiila hawakupewa nyingine mahali pake, na hakuna warsha iliyoitishwa kuwapa pole.

Na sisi si watazamaji tu. Mikono ya Wakenya ilishiriki kuitengeneza mashine yenyewe. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi walivyosoma na kuweka alama kwenye maandishi ya unyama wa kila aina, ili ChatGPT ijifunze kuyakataa. Walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa, ilhali mkataba kati ya kampuni hiyo na OpenAI ulitaja dola 12.50 kwa saa. Mei mwaka huo zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, lililokuwa likiwapa Wakenya kazi ya kuzifundisha mashine, liliacha shughuli zake nchini kwa barua pepe, na watu waliolitegemea kwa kodi ya nyumba wakajikuta hawawezi hata kuingia kwenye akaunti zao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Meta, kampuni yenye Facebook, inaweza kushtakiwa hapa Kenya na waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook, ingawa kampuni hiyo ilishikilia kuwa haina makao hapa. Ukiyaweka matukio haya pamoja utaona kwamba ubishi haukuwa juu ya uwezo wa mashine. Ulikuwa juu ya ile nafasi kati ya dola 2 na dola 12.50.

Kwa mtu wa Malindi, nafasi ya aina hiyo si ngeni. Shika njia ya kaskazini hadi Ngomeni, utazame baharini. Tangu miaka ya 1960 Waitaliano wana kituo cha anga pale, na majukwaa yao yamesimama majini. Tarehe 26 Aprili 1967 iliruka kutoka hapo setilaiti ya San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe zetu za uhuru, ikaruka setilaiti ya Marekani ambayo kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Wanafizikia wa dunia nzima wanalijua neno la Kiswahili kwa sababu ya chombo kilichopaa mbele ya macho ya wavuvi wa kaa. Ngomeni imebaki kijiji cha wavuvi kando ya mashamba ya chumvi. Simlaumu mhandisi yeyote kwa hilo. Yeye aliitwa kurusha setilaiti akairusha. Ninachosema ni kwamba ujirani na teknolojia, hata iwe ya kufika mbinguni, haumpi mtu fungu. Fungu hutoka kwenye mkataba, na mkataba wa Kenya na Italia kuhusu kituo kile umezungumzwa na kuzungumzwa upya hadi mpya ukatiwa saini mwaka 2016, nusu karne baada ya roketi za kwanza. Anayetuambia leo tufurahie kwa sababu akili mnemba imetufikia simuni, na amtembelee mzee mmoja wa Ngomeni amuulize alifaidika nini na kufikiwa.

Hata hivyo upande wa wenye matumaini una hoja nzito, na ni vibaya kuipita kwa haraka. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na MIT walichapisha uchunguzi wa wahudumu 5,179 wa huduma kwa wateja waliopewa msaidizi wa akili mnemba. Kwa wastani kazi iliyomalizika kwa saa iliongezeka kwa asilimia 14, na kwa wahudumu wapya na wenye ujuzi mdogo iliongezeka kwa asilimia 34. Maana yake mashine ilichukua mbinu za wazoefu ikawapa wanagenzi. Hili tunaliona hapa kwa macho. Binti wa mapokezi katika nyumba ya wageni yenye vyumba vichache, ambaye Kiitalia chake kinaishia kwenye salamu na bei, leo anamjibu mgeni wa Bologna kwa Kiitalia kisichotia aibu. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wale waliolelewa na Waitaliano tangu walipoanza kumiminika hapa miaka ya 1970. Na si kazini tu. Wakati wa Muswada wa Fedha wa 2024, vijana wa Kenya walitengeneza programu ya kujibu maswali iliyomweleza raia kwa lugha nyepesi kila kifungu kingemgusa vipi mfukoni, waraka ambao kwa miaka mingi ulikuwa chakula cha wanasheria na wahasibu. Anayesema mashine hii ni hasara tupu huenda hajawahi kulazimika kuiandikia ofisi kwa lugha asiyoimudu.

Lakini usome ule uchunguzi hadi mwisho. Mashine ilijifunza kutokana na mazungumzo ya wahudumu hodari, na hao hodari wenyewe karibu hawakuongeza chochote katika kazi yao. Ujuzi wao ulichukuliwa ukagawiwa wenzao. Lihamishie jambo hilo kwenye hoteli ya Malindi. Aliyeajiriwa kwa sababu ya Kiitalia chake alikuwa na kitu cha kuweka mezani anapodai nyongeza. Leo meneja anamwambia simu nayo inajua. Yule binti mgeni naye analipwa mshahara wa binti mgeni, ingawa kazi yake sasa ni ya mtu mzoefu. Hapajafutwa mtu, na takwimu za ajira hazitaonyesha lolote. Kilichohama ni nguvu ya kudai.

Kuna jambo nililiona kwenye saiba moja (duka la huduma za kompyuta) karibu na steji, na nadhani linaeleza zaidi kuliko ripoti nyingi. Mama mmoja kutoka upande wa Magarini alikuja kuandikiwa barua ya kupinga kipande cha ardhi cha familia kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine. “Niandikie kwa nguvu, mwanangu, wasinidharau,” alimwambia kijana wa pale. Kijana akaandika mistari miwili kwenye ChatGPT, na kabla mama hajakaa vizuri kwenye kiti barua ikawa inatoka kwenye printa: Kiingereza cha kumwaga, aya tatu, na katikati yake kifungu cha Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, Sura ya 300. Mama alilipa shilingi 200, bei ileile ya siku zote, akaanza kuifunga karatasi kwenye pindo la leso. Sheria ile haipo. Ilifutwa mwaka 2012 Bunge lilipopitisha Sheria ya Usajili wa Ardhi. Barua ilirekebishwa kwa kuwa tu mimi nilikuwa kwenye foleni na nimewahi kufuatilia kesi za ardhi za huku kwetu. Kijana hakuwa na nia mbaya hata kidogo, wala hakujua. Ila tazama hesabu ilivyokaa: nusu saa iliyookolewa ilibaki kwake, na kama barua ingekataliwa, nauli ya kurudi, muda wa kuweka pingamizi na pengine shamba lenyewe vingekuwa vya mama. Yule kijana naye asijione salama sana. Siku mjukuu wa mama huyo atakapoijaribu kazi hiyo kwa simu yake, zile shilingi 200 hazitarudi saibani.

Hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopigiwa makofi kwenye warsha, ni kwamba hiki ni kifaa tu. Ubaya na uzuri wake unategemea mtumiaji. Jembe ni kifaa: ukishalinunua ni lako, na aliyekuuzia hawezi kulipunguza makali usiku ili kesho ukalipie upya. Programu hizi zinakodishwa. Bei, masharti na hata majibu yanayotolewa hubadilishwa na kampuni bila kumuuliza mtu wa Malindi, na maswali tunayouliza yanapita kwenye kompyuta za ng'ambo. Mtumiaji ana hiari, ndiyo, lakini hiari yake iko ndani ya nyumba ya mtu.

Hoja hiyo ina pacha wake: kwamba kila teknolojia huua kazi na kuzaa nyingine, na ushahidi tunaowekewa mezani ni M-Pesa. Tuutazame basi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilihitaji watu, kwa sababu kila noti iliyoingia kwenye simu ilibidi ipokewe na mtu dukani, na kila iliyotoka ilibidi ihesabiwe na mtu. Ndiyo maana leo kuna mawakala zaidi ya 200,000, na hakuna kijiji cha Kilifi utakachokosa kibanda cha kijani. Kazi zile zilizaliwa palepale huduma ilipotumika, Ganze kwa Ganze, Watamu kwa Watamu. Mashine ya kuandika haihitaji wakala kati yake na mteja. Faida yake kibiashara ni hiyo ya kumwondoa mtu wa katikati. Kazi mpya zitakuwepo, sina shaka, lakini hakuna sababu yoyote ya kimaumbile ya kuzifanya zizaliwe hapa ambapo za zamani zimefia.

Wanaotabiri kiama nao siwaungi mkono. Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2024, alisema mwaka 2016 kwamba tuache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei kwa kuwa mashine ingewapita ndani ya miaka mitano. Hadi leo wanatafutwa. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria Januari 2024 kwamba asilimia 40 ya kazi duniani zitaguswa na akili mnemba, asilimia 60 katika nchi tajiri na 26 katika nchi za kipato cha chini. Kuguswa si kufutwa. Mvuvi wa Mayungu, fundi wa makuti na mpishi wa hoteli hawana haja ya kukosa usingizi kwa sababu ya ChatGPT. Wana sababu nyingine za kukosa usingizi, bahari ikiwa mojawapo.

Wa kukosa usingizi ni wazazi wa vijana wanaoanza. Agosti 2025 watafiti wa Stanford, wakitumia rekodi za mishahara za kampuni ya ADP ya Marekani, walionyesha kwamba katika kazi zinazoguswa zaidi na akili mnemba, ajira ya wenye umri wa miaka 22 hadi 25 ilikuwa imeshuka kwa asilimia 13 ikilinganishwa na wengine, huku wenye umri mkubwa katika kazi hizohizo wakibaki salama. Hiyo ni Marekani, nami si mtu wa kuzileta takwimu za huko na kuzibandika Malindi. Njia ya athari yenyewe ndiyo inayonishughulisha. Mwajiri hamfukuzi mzoefu. Anaacha tu kumwajiri mwanagenzi, kwa kuwa kile kidogo alichokijua mwanagenzi sasa kinapatikana bure. Na hapa kwetu karibu kila riziki nzuri ya utalii ilianza kwa kile kidogo. Kijana alianza ufukweni kwa kubeba mabegi na kuokota maneno ya Kiitalia. Wenye heshima zao wakimwita bichi boi na kumdharau. Kiitalia kikamfanya mkalimani, ukalimani ukamfanya kiongozi wa kuwapeleka wageni Gede na Marafa, na wachache wakamaliza na gari lao la safari. Mgeni mwenye simu inayotafsiri papo hapo bado atamhitaji mzee anayejua maji yanakupwa saa ngapi katika Hifadhi ya Bahari, matumbawe yapi yamepona na nahodha yupi si wa kuaminiwa. Hatamhitaji kijana ambaye bado ana lugha tu. Na kama hatamhitaji, sioni huyo kijana atafikaje kuwa yule mzee. Kwa miaka mitano hakuna atakayeliona pengo hili. Likija kuonekana, itasemwa vijana wa siku hizi hawapendi kazi.

Ndiyo maana naona mafunzo ya “jinsi ya kutumia akili mnemba” yanayoenezwa sasa yanajibu swali ambalo halikuulizwa. Kuitumia si kazi. Imetengenezwa iwe rahisi, na yule kijana wa saiba hakufundishwa na mtu. Fedha za mafunzo zingefaa zaidi kuwalipa waongozaji wazoefu, mafundi na wahudumu wakuu wa hoteli wachukue wanagenzi na kuwalipa kitu kwa muda wa kujifunza, yaani kukinunua tena kile ambacho soko limeacha kukilipia. Najua mtu wa hazina ya kaunti atasema fedha hazipo. Za mafunzo ya kompyuta zilipatikana.

Upande wa ajira iliyopo, mfano wa kuangalia umetoka mbali lakini somo lake ni la kawaida. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148, na mkataba walioupata ukasema kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kutumia akili mnemba, na ikimpa maandishi ya mashine ni lazima imwambie. Hawakuizuia teknolojia. Waliipangia masharti, na waliweza kwa kuwa walikuwa na chama chenye uwezo wa kusimamisha kazi. Wafanyakazi wetu wa hoteli wana chama chao, KUDHEIHA, ambacho hujadiliana na waajiri juu ya mishahara, nauli na sare. Mazungumzo yajayo yaulize pia: mhudumu ambaye kazi yake imeongezeka kwa sababu ya programu atapandishwa daraja? Majibu anayowaandikia wageni yakitumiwa kuifundisha mashine ya mwajiri, analipwa nini? Kosa la mashine likimkasirisha mgeni, linakatwa kwenye mshahara wa nani?

Sheria tunazo zaidi ya tunavyodhani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaomhusu na mashine peke yake bila mkono wa binadamu. Mtu aliyenyimwa kazi au mkopo na programu anaweza kudai uamuzi uangaliwe upya, na kwa wakili wa Malindi mwenye hamu ya kesi, hapo kuna pa kuanzia. Kwa mwenye saiba hata sheria haihitajiki. Kila barua inayotoka kwenye mashine yake aisome yeye kwanza, kisha agonge muhuri wa duka na namba ya simu chini yake, ili ikirudishwa na ofisi ya ardhi mama ajue pa kuirudisha, na kuiandika upya kuwe bure.